Mwenye nafuu si tajiri

Juzi kwenye mkutano wa mtaa huku Uyole, Mbeya, mwenyekiti aliomba wenye nafuu watoe mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya darasa, wengine mmoja mmoja. Hajamaliza, sauti ikatoka nyuma: "Yule mama wa ng'ombe atoe mitano, tajiri yule!" Watu wakacheka. Mama mwenyewe akainama, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Utajiri wake ni ng'ombe mmoja wa maziwa, bati lisilovuja na robo eka ya viazi.

Mwenye nafuu ni mtu ambaye hali yake imezidi kidogo ya wale anaolinganishwa nao. Basi.

Nafuu ina asili ya Kiarabu, ni ndugu wa manufaa. Lisikilize wodini. Ukiambiwa mgonjwa amepata nafuu, huendi kuandaa sherehe. Unaelewa kwamba jana uji ulimshinda, leo amekunywa nusu kikombe, na dripu bado iko mkononi. Bei nafuu nayo si bure. Kila mara kuna kitu cha pili pembeni: nafuu kuliko jana, kuliko duka lile, kuliko jirani.

Tajiri limepita njia nyingine. Kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, na harufu hiyo haijaisha: konda wa daladala wa hapa Mwanjelwa akilalamikia hesabu ya tajiri, yaani fedha anayotakiwa kupeleka, anamsema mwenye gari, hata kama huyo mwenye gari halali usingizi kwa marejesho ya mkopo.

Umaskini, angalau, serikali imeuchorea mstari. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliuweka kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania Bara walikuwa chini yake. Nafuu haina mstari wa namna hiyo. Mpeleke yule mama Njombe kwa wenye mashamba makubwa ya parachichi, au Mafinga kwa wenye viwanda vya mbao. Nafuu yake itayeyuka kabla hajashuka kwenye basi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kule nyuma, ungesema tu ana nafuu kuliko sisi tusio na ng'ombe. Angekuelewa. Ile mifuko miwili alishaikubali kabla hujafungua mdomo.