Magugu ya jamii ya nyasi ni yapi?

Ni nyasi zinazojiotea katikati ya nyasi ulizopanda. Ugumu wake ni huo undugu: dawa ya 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana, haizidhuru, na glaifoseti inayoziua itaondoka na ukoka wako pia. Kwa hiyo tambua kwanza, dawa baadaye.

Ng'oa shina, ulibiringishe kati ya vidole. Likiwa la mviringo au bapa, lenye vifundo, hiyo ni nyasi. Likiwa na pembe tatu bila vifundo, ni ndago, ambayo wengi huiita nyasi na siyo. Ukivuta majani ya ndago, nyuzi za chini hukatika na vinundu vilivyobaki ardhini huchipua upya. Ichimbue kwa uma ukifuata nyuzi hadi kinundu cha mwisho, au tumia dawa yenye halosulfuroni, isiyodhuru ukoka uliokwisha kushika.

Gugu la nyasi lenyewe hasa, kwa bustani za Mombasa, ni Eleusine indica. Hulala chapa chini, mashina yake ni bapa na meupe pale katikati, masuke yametanuka mfano wa vidole. Hupenda udongo ulioshindiliwa: kando ya njia, chini ya kamba ya nguo, panapoegeshwa gari. Ukiling'oa bila kulegeza udongo, umefanya nusu ya kazi. Choma ardhi kwa uma kina cha sentimita 8 hadi 10, kisha tandaza mchanga mwembamba, lakini usiwe wa ufuoni, maana una chumvi.

Mbegu huzuiwa kabla ya masika. Mwishoni mwa Machi nyunyizia dawa ya pendimethalini na umwagilie maji ishuke udongoni. Haiui kilichokwisha kuota, na usiiweke kwenye nyasi mpya, kwani huzuia mizizi. Nunua dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia viuatilifu, ufuate kipimo cha kwenye lebo.

Usikate nyasi chini mno. Ukoka uache sentimita 3 au 4, nyasi za Pemba 6 hivi. Jua likifika ardhini, mbegu za magugu huamka.

Na udongo mwekundu unaoletwa kwa lori mara nyingi huja na ndago. Kabla ya kuusambaza, umwagilie ukiwa fungu, usubiri wiki mbili uone kinachochipua.