Kabla ya kusuka mota, tafuta kilichoiunguza

Pampu ya kisima ikisimama katika shehia, kinachofuata tunakijua. Ndoo zinapangwa foleni, fundi anapigiwa simu usiku, mota inang'olewa na kupelekwa mjini kusukwa upya, yaani kuwekewa koili mpya za waya. Maji yanarudi, watu wanashukuru. Miezi michache baadaye mota ile ile imeungua tena, na safari hii lawama zinamwendea aliyeisuka. Mara nyingi hakuna aliyeuliza mapema: kitu gani kiliiunguza mara ya kwanza?

Sisi tunaofundisha ufundi mitambo tunaomba swali hilo lisimame mbele ya kila kazi ya matengenezo, iwe hotelini, skuli, kituo cha afya au kwenye kamati ya maji. Watu wengi wakisikia matengenezo ya kinga huwaza kalenda: kila baada ya miezi kadhaa fungua, badilisha, funga. Kalenda ina kazi yake, hasa kwa oili na filta, lakini mashine nyingi haziharibiki kwa kufuata kalenda.

Mwaka 1978, Nowlan na Heap wa kampuni ya ndege ya United Airlines ya Marekani walitoa ripoti iliyobadili taaluma hii duniani. Katika vifaa vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonesha kuchakaa kwa umri. Asilimia 89 havikuwa na umri ambao mtu angeweza kusema sasa vitolewe. Tena asilimia 68 ya vifaa vyote vilikuwa kwenye hatari kubwa zaidi mwanzoni kabisa, punde baada ya kufungwa kwenye ndege. Pampu si ndege, na hesabu hizo hazihamishiki kama zilivyo, lakini somo lake linatuhusu: ukifungua mashine nzima bila sababu unaingiza hatari mpya. Mchanga unaingia kwenye beringi, sili inajikunja, boliti moja inasahaulika.

Basi kazi ya kwanza ni kujua nini kinachoua mashine hapa kwetu Zanzibar. Hewa ya bahari ina chumvi, na wakati wa masika unyevu unapenya hata kwenye boksi la swichi linalodhaniwa limefungwa. Kontakta, yaani swichi inayowasha na kuzima mota, inaanza kuota kutu, na fezi moja, yaani mojawapo ya njia tatu za umeme wa mota, inapita kwa shida. Kwa macho pampu inafanya kazi kama kawaida. Lakini volteji za fezi tatu zikitofautiana kwa asilimia 1 tu, mkondo ndani ya mota unaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10. Mkondo usiolingana huzaa joto, na kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi kiwango ilichoundiwa mota, umri wa insulesheni yake, yaani ganda linalozuia umeme kuvuja kwenye waya, hupungua kwa takriban nusu. Ukiisuka mota hiyo kwa ustadi wote ukairudisha kwenye kontakta ile ile, umetupa fedha. Dawa ilikuwa kontakta mpya, boksi lisilopitisha hewa ya nje, ovaloodi (kinga inayokata umeme mota inapovuta kupita kiasi) iliyowekwa kulingana na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na kifaa kinachokata umeme fezi moja inapopotea. Vyote hivyo huwa ni nafuu kuliko mota.

Dalili zilikuwepo. Tuseme pampu imezoea kuvuta ampea 12 kila fezi, na leo mbili zinavuta 12 na ya tatu 14. Anayeiona tofauti hiyo ni yule tu mwenye daftari la vipimo vya nyuma. Ndiyo maana nasema mpango wa matunzo huanza na daftari. Usianze na mashine zote. Chagua tatu au nne ambazo zikisimama watu wanaumia: pampu ya maji, jenereta ya kituo cha afya, friji ya chanjo, chumba cha baridi cha samaki. Kwa pampu, andika kila wiki volteji na ampea za fezi zote, presha, na muda unaochukua kujaza tangi. Mara chache kwa mwaka fundi apime insulesheni kwa mega, kifaa maalumu cha kazi hiyo. Namba moja haisemi kitu. Mwelekeo wake ndio unaosema.

Jenereta za akiba zinahitaji neno la peke yake. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu kwenye njia ya waya wa baharini, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa jenereta ina maana gani. Inapogoma kuwaka, mara nyingi kosa ni la betri. Kuiwasha dakika tano bila mzigo kila Ijumaa hakuithibitishi; injini ya dizeli inayokimbia bila mzigo haipati joto la kutosha, na mafuta yasiyoungua vizuri huganda kwenye njia ya moshi. Kiwango cha Marekani cha NFPA 110, kinachohusu mitambo ya umeme wa dharura, kinataka jaribio la kila mwezi la dakika 30, na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Tangi la dizeli lisikae nusu, maana unyevu wa hewa iliyobaki ndani hugeuka maji.

Kuna jambo la mikataba linalonisikitisha. Fundi wetu wengi hulipwa kinapoharibika kitu, na asiyeitwa halipwi. Tumlipe kwa kuja kupima, na malipo ya ukarabati yaambatane na maelezo ya maandishi ya chanzo cha hitilafu. Bila maelezo hayo, mota isisukwe.

Kwa Pemba zaidi, spea ni sehemu ya mpango wenyewe, kwa sababu kifaa kidogo kinaweza kusubiri boti huku kituo kizima kimelala. Weka stoo kontakta moja, seti ya beringi na sili za pampu muhimu, filta, na grisi ya aina moja tu, maana grisi za aina tofauti zikichanganywa huweza kuyeyuka na kutoka. Beringi ibaki kwenye karatasi yake mpaka siku ya kufungwa, mahali pakavu, mbali na sakafu.