Je, wajua kwa nini kurunzi ya titani hufifia mapema kuliko ya alumini?

Chukua kurunzi mbili za mfukoni zinazofanana kwa kila kitu: urefu uleule, betri ileile ya lithiamu, taa ileile ya LED, saketi ileile. Tofauti ni gamba tu. Moja imekerezwa kwa alumini, nyingine kwa titani, na hii ya titani mara nyingi bei yake ni maradufu. Ziwashe zote mbili kwenye mwanga wa juu kabisa, zisimamishe mezani zimulike dari, halafu kaa uzitazame. Dakika ya kwanza hutaona tofauti yoyote. Baada ya hapo mwanga wa ile ya bei ghali huanza kunywea, na ile ya bei nafuu bado inawaka vilevile.

Aliyelipa pesa zake hudhani ameuziwa feki. Hapana. Imefifia kwa kuwa ni titani halisi.

Tuanze na joto lenyewe linakotoka, maana wengi tumezoea kusikia kwamba LED ni taa ya baridi. Usemi huo una ukweli nusu. Balbu ya zamani, ile yenye waya mwembamba ndani ya kioo, ilikuwa kama jiko dogo: umeme kidogo ukawa nuru, na joto lililobaki kwa sehemu kubwa likatupwa mbele pamoja na mwanga. Ukiweka kiganja mbele yake ulilihisi. Kurunzi za bati za mawe mawili, zile babu aliziweka chini ya mto, hazikuhitaji ujanja wowote wa kupoza kwa sababu hiyo: joto lilijiondokea lenyewe kupitia kioo.

LED haina njia hiyo. Mwanga wake hauchomi kiganja, lakini nusu au zaidi ya umeme unaoingia hugeuka joto palepale, kwenye kipande kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kurunzi inayokula wati 10 yaweza kuzalisha wati 5 au 6 za joto kwenye eneo hilo dogo. Joto hilo halitoki na mwanga. Njia yake ni moja: lishuke kwenye kibati kilicho chini ya LED, liingie kwenye kichwa cha kurunzi, lisambae kwenye gamba zima, kisha lichukuliwe na hewa au na mkono wako. Kwa hiyo gamba la kurunzi ya LED si ganda la kufunikia betri tu. Ni rejeta.

Na hapa ndipo titani inaposhindwa. Alumini inayotumika sana kwenye kurunzi, aloi iitwayo 6061, hupitisha joto kwa kiwango cha takriban wati 167 kwa mita kwa kila digrii. Aloi ya titani inayotumika sana, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, haifiki hata 7. Si tofauti ya kuhesabu kwa asilimia: alumini inaishinda zaidi ya mara 20. Hata chuma cha pua, kile cha vijiko na masinia, ambacho nacho ni kizembe katika kupitisha joto, hufika kama 15. Shaba nyekundu ndiyo bingwa kati ya hizi, karibu 400.

Jikoni tumelijaribu jambo hili miaka yote bila kulipa jina. Sufuria ya alumini huwezi kuiepua kwa mikono mitupu, hata ukiishika kwenye ukingo ulio mbali na moto, kwa sababu joto limeshafika kote. Kijiko cha chuma cha pua kilichoachwa kwenye sufuria hiyohiyo unaweza kukishika nchani kwa muda kabla hakijakuunguza. Sasa fikiria kijiko kilicho kizembe mara mbili zaidi ya hicho. Hiyo ndiyo titani.

Kuna kosa moja hurudiwa sana katika kulieleza jambo hili: kwamba titani “hutunza joto” zaidi. Sivyo. Ukichukua kipande cha titani na cha alumini cha ukubwa mmoja, vyote viwili vinahitaji karibu kiasi kilekile cha joto ili joto lake lipande kwa digrii moja. Kinachotofautiana ni usambazaji. Kwenye alumini joto la kichwani hufika mkiani upesi, na kurunzi nzima inashiriki kupoa. Kwenye titani kichwa kinatokota huku mkia umetulia kana kwamba haujaambiwa kitu.

Matokeo yake yanamdanganya mkono. Unashika kurunzi ya alumini iliyowaka dakika mbili, unakuta imepata joto, unaogopa: hii itaungua! Unashika ya titani, katikati ya gamba ni vuguvugu tu, unasema: hii ndiyo imara. Ukweli umegeuka chini juu. Ile inayokuchoma kidogo inafanya kazi yake ya kuitoa LED joto. Ile iliyotulia imelifungia joto mahali pabaya kuliko pote, karibu na LED na saketi. Tabia hiyohiyo, lakini, inaipa titani raha moja ambayo wenye kurunzi hizi huisifu: asubuhi ya baridi ya Limuru au Makete, alumini hunyonya joto la vidole na kuhisiwa kama barafu, ilhali titani haikushtui.

Kwa nini basi mwanga unafifia? Kwa sababu watengenezaji wanajua yote haya. LED ikipata joto kupita kiasi hutoa mwanga kidogo kwa umeme uleule, na maisha yake hupungua. Betri ya lithiamu nayo haipendi joto. Ndiyo maana saketi za kurunzi nzuri huwa na kipimajoto ndani: kikifika kiwango kilichowekwa, saketi hupunguza umeme yenyewe, mwanga unashuka. Kwenye titani kiwango hicho hufikiwa mapema. Saketi nyingine hazina kipimajoto, zinahesabu muda tu, na hizo ndizo za kuangalia kwa makini zaidi, kwa kuwa zitasubiri dakika zao zitimie hata kama kichwa kimeshapita kiasi. Watengenezaji wengine huweka kiini cha shaba ndani ya kichwa cha titani ili joto lipate mahali pa kukimbilia. Inasaidia, lakini bado lazima litoke nje kupitia titani.

Usichukue haya yote ukaapa kwamba titani haifai. Kasoro hii huonekana kwenye mwanga mkali tu. Kwa mwanga wa kutafutia tundu la kufuli, kusoma mita ya umeme au kumtazama mtoto aliyelala, kurunzi hutumia sehemu ya wati moja, na joto lake ni dogo kiasi kwamba hata gamba la mbao lingetosha. Ukiwa mtu wa mwanga wa aina hiyo, na nadhani wengi wetu ndio, hoja yote ya joto inakuwa ya vitabuni.

Sasa bei. Wengi hudhani titani ni ghali kwa kuwa ni adimu. Si adimu. Ni miongoni mwa elementi kumi zilizo nyingi zaidi kwenye gamba la dunia, na pwani ya Kenya tunaifahamu vizuri: kule Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye ilmenaiti na rutaili, yaani madini ya titani, shehena ya kwanza ikasafirishwa kupitia Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Ila sehemu kubwa sana ya madini ya titani duniani haigeuzwi chuma kamwe. Husagwa na kusafishwa kuwa unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za ukuta, plastiki na karatasi. Ukimulika ukuta mweupe kwa kurunzi ya alumini, basi titani ipo, ila iko upande wa ukuta.

Kazi ni kuigeuza chuma. Njia inayotumika mpaka leo ni ile ya William Kroll wa Luxembourg, aliyeipatia hataza mwaka 1940: madini hubadilishwa kwa klorini, kisha magnesi iliyoyeyuka hunyang'anya klorini hiyo na kuacha titani kama sifongo. Hufanywa fungu kwa fungu, polepole, bila hewa kuingia. Alumini nayo iliwahi kuwa na hadhi hiyo. Mwaka 1884, mnara wa Washington huko Marekani ulipokamilika, kileleni uliwekwa kipande cha alumini kama mtu anavyoweka kito. Miaka miwili tu baadaye, Charles Hall na Paul Héroult, kila mmoja kivyake, wakagundua jinsi ya kuitenganisha kwa umeme, na kito kikawa njiani kuelekea kuwa sufuria.

Baada ya hapo inakuja karakana, na hapa joto linarudi tena. Fundi akikereza alumini, vipande vinavyokatwa vinaondoka na joto lake. Akikereza titani, joto halina pa kwenda, linabaki kwenye ncha ya kisu, na kisu kinakwisha. Inabidi apunguze mwendo wa mashine, amwagie maji ya kupozea bila kukoma, na abadilishe visu mara kwa mara. Yaani uzembe uleule unaofifisha mwanga wako ndio uliopandisha bei uliyolipa. Nikiri kwamba hili ndilo lililonifurahisha zaidi nilipoanza kuzifuatilia kurunzi hizi.

Kuhusu uzito, nitasema kwa kifupi: titani si nyepesi kuliko alumini. Sentimita ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya titani karibu 4.5. Sifa ya wepesi imetokana na kulinganishwa na chuma cha kawaida, chenye karibu gramu 7.9. Gamba la alumini la gramu 50, likinakiliwa vilevile kwa titani, litakuwa na gramu 80 na ushei. Titani ina nguvu zaidi, ni kweli, na mhandisi angeweza kupunguza unene, lakini gamba la kurunzi halikuwa karibu kuvunjika kwenye alumini pia.

Mfukoni ndiko titani inakolipa deni. Alumini tupu ni laini na huchubuka, kwa hiyo kurunzi za alumini huwekwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme mpaka ziote tabaka gumu la oksidi. Oksidi hiyo ndiyo kemikali ileile ya yakuti, ngumu kweli, lakini kwenye kurunzi ni nyembamba: sehemu ya mia chache za milimita. Ikikaa mwaka mmoja pamoja na funguo na sarafu, kingo zitaanza kung'aa nyeupe pale rangi ilipotoka. Titani haina rangi ya kutoka. Inakwaruzika, naam, hata haraka kuliko tabaka lile, ila mkwaruzo wake ni wa rangi ileile ya chuma na unaweza kuusugua kwa msasa laini ukaisha. Jasho na maji ya bahari haviigusi kabisa. Kwa mvuvi wa Lamu au mzamiaji wa Pemba hoja hii ina uzito kuliko ya lumeni, yaani wingi wa mwanga. Na zile za rangi ya buluu na zambarau zinazobadilika ukizigeuza? Hazikupakwa kitu. Umeme umeotesha oksidi nyembamba inayochezea nuru kama mafuta ya gari yanavyofanya juu ya dimbwi la mvua, na volti ndiyo huamua rangi.

Pale kifuniko kinapoingia kwenye gamba, mambo yanageuka tena. Titani ikisuguana na titani hung'ang'aniana, na ukifungua kifuniko unasikia mkwaruzo wa kukera meno. Tia grisi kidogo ya silikoni na urudie kila baada ya muda. Mtu asiyependa matunzo asinunue.

Ukienda dukani, tahadhari na maneno. “Titanium” kwenye boksi mara nyingine ni jina la rangi ya kijivu tu, na “alumini ya ndege” mara nyingi ni ile 6061 ya kawaida ambayo hata fremu za baiskeli hutengenezwa nayo. Si mbovu. Haina undege wowote wa pekee, basi.

Mimi ningebeba alumini kwa kurunzi yoyote ya kutembelea usiku au kutengenezea gari gizani, na titani kwa ile ndogo ya kwenye funguo, isiyofika mwanga wa kujitia joto. Na kwa ile ya alumini kuna faida moja ndogo ambayo wauzaji hawaitaji. Tabaka la oksidi halipitishi umeme. Kama meno ya kifuniko yamewekewa tabaka hilo, zungusha kifuniko robo mzunguko kukilegeza na saketi inakatika, kurunzi haiwezi kujiwasha mfukoni. Meno matupu ya titani yanapitisha umeme hata yakilegea kidogo. Kwa hiyo ya titani, tafuta yenye kufuli kwenye swichi, au uwe tayari siku moja kuhisi paja linapata joto ukiwa kwenye daladala.