Kwa nini kima punju wa Unguja hula mkaa?

Kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani, kusini ya Unguja, si ajabu kumkuta kima punju juu ya mwembe akitafuna kipande cha mkaa. Huuokota penye masalia ya tanuri, kwenye visiki vilivyoungua, na hata majikoni.

Sababu imo katika majani anayokula. Majani machanga ya mwembe na mkungu yana protini nyingi, lakini yana pia fenoli, kemikali ambazo mti hujikingia dhidi ya walaji. Zikizidi tumboni, fenoli huvuruga usagaji wa chakula na huweza kuwa sumu. Mkaa una vitundu vidogo mno visivyohesabika, na fenoli hunasa humo kwa urahisi kuliko protini. Sumu hutoka na kinyesi, lishe hubaki mwilini. Watafiti Struhsaker na Cooney walipoupima mkaa huo katika miaka ya 1990, waliona kwamba hata ule wa tanuri za kienyeji unanasa vizuri sana.

Tabia hii ni ya kima wa mashambani hasa. Wale wa ndani ya msitu hula majani ya aina nyingi, kwa hiyo hakuna sumu moja inayojazana. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

Lakini kima alifikaje mashambani? Baada ya Sultani Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, karibu mwaka 1840, ardhi yenye udongo mzito upande wa magharibi ilifyekwa ikapandwa mikarafuu na minazi. Misitu ikabaki zaidi kwenye maweni, ambako jembe halizami. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, akabanwa huko na kwenye mashamba ya pembezoni. Sensa iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya kima 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, ingawa bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004.

Mgeni anayekwenda kuwaona asiwape chakula, hata ndizi mbivu. Tumbo la kima huyu lina vyumba, na bakteria huchachusha majani humo polepole. Sukari ya tunda bivu huchacha haraka, asidi ikapanda, tumbo likajaa gesi. Mnyama anaweza kufa. Ndiyo maana matunda huyala mabichi. Kaa mbali naye hatua kadhaa, usimguse, na ukiwa na mafua usimkaribie kabisa, kwa kuwa maradhi ya binadamu humwambukiza. Wakati mzuri ni asubuhi, au alasiri jua likipoa. Kwenye barabara inayokatiza Jozani punguza mwendo: magari yaliua kima wengi mno pale kabla ya kuwekwa matuta.

Wakulima hulalamika kwamba kima humaliza vidaka vya minazi, na lalamiko hilo lilistahili kuchunguzwa. Siex na Struhsaker walihesabu nazi mnazi kwa mnazi. Mavuno hayakupungua kwa sababu ya kima. Mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe, na kima akiupunguzia, vilivyobaki hupata nafasi ya kukomaa.