Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, Ulikuwa wa Vita: Ukifukua Chuma cha Zamani, Fanya Hivi

Maswali yanayotufikia hapa makumbusho kutoka Changamwe na Port Reitz yamezidi, na mengi ni yale yale: mtu anachimba msingi au choo, anafukua chuma chenye kutu, anataka kujua bei yake. Na karibu kila muulizaji anasadiki uwanja wa ndege wa Moi ulianza enzi za Rais Moi. Haukuanza.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili uliitwa Port Reitz, na ulikuwa uwanja wa jeshi. (Reitz, mwenye jina hilo, hakuwa rubani. Ni luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyekufa kwa homa mwaka 1824.) Aprili 1942, Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee, manowari za Uingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini. Meli za kubeba ndege zikitia nanga, ndege zake zilikuwa zikishushwa Port Reitz, na kutoka hapo zikiruka kusaka nyambizi. Zile ndege za Catalina zilizokuwa Kipevu ni habari nyingine: zilitua majini. Tafadhali tusizichanganye tena.

Baada ya vita uwanja ukaendelea na ndege za abiria. Upanuzi mkubwa ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970, ukapewa jina la Moi, na leo njia kuu ya kurukia ina urefu wa mita 3,350.

Sasa utaratibu. Ukifukua kitu chenye umbo la risasi, kombora au bomu, usikiguse, usikikwangue, usikimwagie maji. Weka alama mbali nacho, ondoa watoto, piga simu polisi. Wao ndio wenye mafundi wa mabomu. Usikipeleke kwa mwenye skrepu. Kukaa na risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, na kutu si leseni.

Wengine hutukimbilia sisi wa makumbusho kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Kwa sheria hiyo, mali ya kale ni iliyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Chuma cha 1942 hakimo, labda kitangazwe rasmi kuwa kitu kinacholindwa. Hata hivyo, kikishathibitishwa na polisi kuwa salama, tuleteeni picha na mahali kilipopatikana. Tutakitazama kwa hamu.

Na hakuna atakayenyang'anywa kiwanja kwa sababu ya chuma. Huo uvumi hatujui umetoka wapi.