"Silewi, Sizini, Sadaka Natoa": Dhana Zinazonichosha Ofisini

Dhana: "Mimi mtu safi, Mchungaji. Silewi, sizini, fungu la kumi natoa."

Naisikia kwenye darasa la kipaimara la watu wazima, naisikia kwa wanaoomba kurudi kundini, na zaidi ya wote naisikia kwa wazee wa kanisa wanapoketi kuamua kesi ya mwenzao. Nimeuliza habari za moyo, najibiwa habari za bia.

Ukweli ni kwamba orodha hiyo yaweza kuwa kweli tupu na swali la moyo likabaki palepale. Farisayo wa Luka 18 alifunga mara mbili kwa juma, ilhali Torati iliagiza siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Zaka alitoa katika mapato yote. Yesu hakumwita mwongo hata kidogo. Ila sala yake yote ilikuwa hesabu ya mema yake na ya mabaya ya yule mtoza ushuru aliyesimama mbali, na akarudi nyumbani bila kuhesabiwa haki.

Paulo naye anasema katika Wafilipi 3 kwamba kwa haki ya sheria hakuwa na hatia. Kilichomnasa, tukisoma Warumi 7, ni amri ya "Usitamani". Mwizi hukamatwa na mzinzi hufumaniwa, lakini tamaa haina kamati ya kuiletea mashahidi. Na kwenye Marko 7:21–22, tunaposhika uuaji na uzinzi, mbona tunaruka kijicho na kiburi vilivyomo kwenye orodha ileile? Sijaona mtu akitengwa na kanisa kwa kijicho. Tungekosa wa kuhesabu sadaka.

Yesu alipowaambia Mafarisayo wasafishe kwanza ndani ya kikombe, alisema na watu walioijua Walawi 11:33: mzoga ukiangukia ndani ya chombo cha udongo, chombo hakifutwi, kinavunjwa. Daudi naye katika Zaburi 51 hakuomba aongezewe bidii ya kujirekebisha, aliomba aumbiwe moyo safi. Kuumba si kazi ya mwenye moyo. Katika Ezekieli 36 ni Mungu mwenyewe anayenyunyiza maji na kuondoa moyo wa jiwe.

Hapo watu hunibishia: "Kwa hiyo tulewe tu?" Hapana. Kuacha pombe kunaokoa ada ya watoto na amani ya nyumba, na nitakupongeza. Lakini tabia njema huweza kuletwa na woga wa majirani, na uhaba wa fedha, hata na umri. Wapo walioacha starehe kwa amri ya daktari wa kisukari, sasa wanasema ni utakatifu.

Ukitaka kujua ndani kwako kukoje, usinijie mimi. Jitazame siku mwenzako anapochaguliwa kwenye nafasi uliyoitaka. Kisha muulize dada wa kazi, maana yeye anakuona saa ambazo hakuna wa kumpendeza.

Dhana: "Mungu anaangalia moyo, ya nje yaache."

Hii hupendwa na wenye madeni. Neno la 1 Samweli 16:7 aliambiwa nabii aliyevutiwa na sura na kimo cha Eliabu, kaka yake Daudi, halikuwa ruhusa ya kutolipa mtu. Zakayo mtoza ushuru, Yesu alipoingia kwake, aliahidi nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne alichodhulumu. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Bukoba na Kenya, uliwashika hata watu waliokwisha kubatizwa na kuheshimika kanisani. Waliimba juu ya damu ya Yesu, na majirani wakaona vitu vilivyoibwa vikirudishwa kwa wenyewe. Ndani kukisafishwa, nje hutikisika, tena hugharimu.

Dhana: "Nipake mafuta ya upako, nitatakasika."

Naamani, jemadari mwenye ukoma, alioga mto Yordani akatakasika bila kulipa chochote. Nabii Elisha alikataa zawadi, na mtumishi wake Gehazi aliyekimbilia malipo aliondoka na ukoma. Wauza chupa za mafuta wasome 2 Wafalme 5 hadi mwisho.

Dhana: "Ukishaokoka kweli, hasira na wivu vinakwisha siku hiyohiyo."

Waumini wachanga wengi wamekata tamaa kwa fundisho hili. "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe" (1 Yohana 1:8) iliandikiwa waumini. Hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, mwaka 1517, inasema maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Ndiyo maana ungamo la dhambi liko mwanzoni mwa ibada yetu, na mchungaji hulisema pamoja na usharika. Wanaochelewa kwa makusudi ili waingie kwaya inapoanza, nawaona.