Taa za Gari Zikipepesa, Pima Kabla ya Kununua Betri

Dereva akiona taa za gari zinapepesa usiku, mara nyingi hukimbilia kuishuku betri. Ananunua mpya, taa zinatulia kwa siku mbili tatu, kisha tatizo linarudi na lawama zinamwangukia aliyemuuzia. Sisi tunaofundisha umeme wa magari tunaliona hili mara kwa mara, na linatuuma, kwa sababu multimita ya kawaida, yaani kifaa cha kupimia umeme, ingemwonyesha ukweli ndani ya dakika chache.

Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha stata, mota inayoamsha injini. Injini ikishawaka, alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini kwa mkanda, ndiyo inayolisha taa, feni, redio na kompyuta za gari, na papo hapo inairudishia betri chaji iliyotumika. Kwa hiyo taa zikicheza huku injini inaunguruma, anza na alteneta, mkanda wake na maungio ya waya.

Angalia zinapepesa wakati gani. Ikicheza taa moja tu na nyingine zimetulia, mfumo wa chaji hauhusiki. Kagua balbu, soketi na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri) wa taa hiyo. Taa zote zikififia gari likiwa limesimama na kung'aa ukikanyaga mafuta, shuku mkanda uliolegea au alteneta iliyochoka. Zikicheza kila gurudumu linapoingia shimoni, kuna mahali waya umelegea. Na kama balbu zinaungua ovyo, betri inachemka maji au inatoa harufu ya yai bovu, hapo chaji imezidi: regyuleta, kidhibiti cha volti, imeshindwa kuidhibiti alteneta.

Sasa pima. Geuza multimita kwenye V yenye mstari ulionyooka, ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na takriban nusu ya chaji. Washa injini: magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni na kiyoyozi kwa pamoja. Volti zikishuka chini ya 13 na kubaki huko hata ukikanyaga mafuta, betri hailishwi vya kutosha. Zikipita 15, zinaiunguza. Magari ya kisasa ambayo kompyuta ndiyo inayoamua kiwango cha chaji huweza kupanda na kushuka kidogo nje ya vipimo hivi, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako kabla ya kuhukumu.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka ni cha daiodi za alteneta, vipande vinavyonyoosha umeme wake wa mawimbi ili ufae betri. Geuza multimita kwenye V yenye mstari wa wimbi, injini ikiwa inaunguruma. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, daiodi mojawapo huenda imekufa. Alteneta ya namna hii inaweza kuonekana nzima kwenye kipimo cha kwanza, huku taa zinapepesa na betri inanyonywa polepole gari likiwa limelala.

Usisahau ethi. Gusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, taa zikiwa zimewaka na injini inaunguruma. Ukiona zaidi ya volti 0.2, waya wa ethi una kutu au umelegea. Tatizo hili ni la kawaida mno, na dawa yake ni msasa na spana, wala si kifaa kipya. Safisha vichwa vya betri kwa namna hiyohiyo, ukianza kufungua hasi na kuirudisha mwisho.

Kuna tabia moja ninayowasihi muiache leo: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Betri hutuliza volti za mfumo mzima. Ukiiondoa ghafla wakati alteneta inasukuma umeme mwingi, volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kufumba na kufumbua, na kompyuta ya injini ikaungua. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta wengi walinusurika, ndiyo maana desturi hii bado inarithiwa gereji hadi gereji.

Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi nayo inasema mengi. Inapaswa kuwaka ukifungua swichi na kuzimika injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, usifurahi. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha alteneta hupitia balbu hiyohiyo, na ikiungua alteneta huenda isianze kuchaji.

Taa hiyo ikiwaka ukiwa njiani, zima kiyoyozi, redio na kila usichokihitaji, lakini taa za usalama ziache. Usizime injini mpaka ufike mahali salama, kwa sababu huenda isiwake tena. Ila ukiona joto la injini linapanda au usukani umekuwa mzito ghafla, tafuta pa kuegesha na uzime mara moja: huenda mkanda umekatika, na kwenye magari mengi ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji.